Mjapani Asiyezaliwa

Tarehe 9 Machi 1968, siku ya Jumamosi, Kang Siu-hun alipanda ngazi za studio moja ya Sanchong, ng'ambo ya mto kutoka Taipei, akarekodi wimbo uitwao "Mvua Haijakata" kwa mikupuo miwili. Tarehe hiyo imepigwa chapa kwenye karatasi ya katikati ya santuri, chini ya namba KH-204. Chini yake yapo mambo mengine matatu. Mwimbaji: Siu-hun. Maneno: Teng Ban-seng. Muziki: Minase Kotaro, Japani. Katika mambo hayo manne, matatu ni kweli.

Siu-hun sasa ana miaka themanini na moja. Anaishi peke yake Beitou, katika vyumba viwili vilivyo juu ya ngazi themanini na sita. Hakuzihesabu kwa kupenda. Magoti yake ndiyo yaliyomhesabia. Mchana hulala. Jioni huwasha redio na kuizima kabla ya wimbo wa pili, kwa sababu, kama anavyosema, ameshaimba vya kutosha na vya wenzake pia.

Kwa miaka ishirini na mbili yeye na mumewe Ban-seng walipiga nakashi, yaani muziki wa kuzunguka chumba kwa chumba katika nyumba za wageni za chemchemi za maji moto. Yeye sauti, Ban-seng kodiani, na mtu wa tatu ngoma. Simu ikipigwa kutoka nyumba fulani, walipanda pikipiki za kukodi, kodiani mgongoni kama mtoto, wakapanda kilima. Kwa siku moja walipita vyumba saba au vinane. Mgeni alitaja wimbo, nao wakaupiga. Hukuujua? Uliujua. Mgeni mwenyewe akitaka kuimba, Ban-seng alimsikiliza maneno mawili ya kwanza, akashusha au kupandisha kodiani mpaka imfuate alikokuwa. Mwenye kulipa hakosei sauti. Bendi ndiyo iliyokosea, na bendi iliomba radhi.

Nyimbo karibu zote walizopiga zilikuwa za Kijapani zilizovikwa maneno ya nyumbani. Waliziita nyimbo za kuazima, na neno hilo halikuwa tusi. Wimbo wa Kijapani ulikuwa kama kitambaa kizuri cha dukani: hakuna aliyekuuliza nani alikifuma, walikuuliza nani amekushonea. Ban-seng alikuwa fundi wa kushona. Alisikiliza santuri mara tatu, akaandika nota kwa namba kwenye daftari, kisha akatafuta maneno ambayo yangekaa juu ya muziki ule bila kubana kwapani. Kwa kampuni ya Bwana Go, mwenye studio ile ya Sanchong, alishona nyimbo arobaini. Hawakumwomba ruhusa Mjapani hata mmoja. Wala hakuna aliyewaambia kwamba ruhusa huombwa.

Februari mwaka huu, wiki moja baada ya Mwaka Mpya wa Kichina, mlango wa Siu-hun uligongwa na mwanamke kijana aliyebeba boksi la keki za nanasi.

"Bibi, umekula?"

"Nimekula tangu saa tano. Wewe ni wa bima?"

"Hapana, bibi. Mimi ni wa bendi."

"Afadhali ungekuwa wa bima," alisema Siu-hun, lakini akamfungulia, kwa sababu aliyepanda ngazi themanini na sita hafukuziwi mlangoni.

Alikuwa Lau Ka-hi, miaka ishirini na tisa, nywele fupi kama za askari, kiongozi wa bendi ya watu wanne wanaopiga nyimbo za zamani. Mwaka uliopita walipiga "Mvua Haijakata" katika ukumbi wa soko, mtu akaweka video mtandaoni, na video ikaenda isikotarajiwa. Sasa kampuni ilitaka kuutoa kwenye santuri, santuri kweli, ya mviringo na ya kugeuza. Kulikuwa na tatizo moja.

"Namtafuta Minase Kotaro," alisema Ka-hi. "Au watoto wake. Miezi minane sasa. Nimeandika Japani barua sita, bibi. Chama chao cha watunzi kimenijibu kwa adabu mpaka nikaona aibu: hawamjui. Nimepata kina Minase watatu. Mmoja daktari wa meno."

"Na wengine?"

"Mmoja anafuga samaki wa mapambo. Wa tatu alinikatia simu."

Siu-hun alicheka mpaka akakohoa, na Ka-hi akainuka kumpigapiga mgongo.

"Huyo wa meno alisemaje?"

"Alisema angetamani awe yeye."

"Si mngeimba tu," alisema Siu-hun akijifuta macho. "Sisi tuliimba za watu maisha yetu yote. Tulimwomba nani?"

"Siku hizi haiendi hivyo, bibi. Ukirudia wimbo wa mtu, unamtaja. Na wala si kwa kuogopa kesi tu. Ndiyo raha yenyewe. Watu wanataka kujua wimbo umetoka wapi, umepita kwa nani. Mimi napenda kuwa wa nane. Niko wa nane, unajua? Nimewahesabu. Waimbaji saba wameurekodi kabla yangu, wewe ukiwa wa kwanza."

"Wa kwanza," alisema Siu-hun.

"Wa kwanza kwa lugha yetu. Wa kwanza kabisa ni huyo Mjapani ambaye simpati."

Siu-hun alitazama keki. Alisema atatafuta kwenye makaratasi yake, ingawa hakuwa na makaratasi. Ka-hi alishuka ngazi akiimba. Siu-hun hakulala mchana ule.

Minase Kotaro alizaliwa mwanzoni mwa mwaka 1968 mezani kwa Bwana Go, na mkunga alikuwa Bwana Go mwenyewe. Ban-seng alikuwa amempelekea muziki aliouokota kichwani mwake siku moja ya mvua, wakisubiri pikipiki chini ya kibanda, nazo zimeshindwa kupanda kilima. Siu-hun alikuwepo kibandani, na alikuwepo mezani pia. Alimwona Bwana Go akiusikiliza mpaka mwisho huku akitafuna mbegu za tikiti.

"Mzuri," alisema Bwana Go. "Wa nani?"

"Wangu."

"Wako haununuliwi. Nani anakujua wewe? Mpe Mjapani."

"Mjapani yupi?"

"Yeyote! Wako wengi. Na hiki kipande cha katikati kitoe, santuri yangu ina dakika tatu. Mjapani hazunguki hivi, Mjapani huenda moja kwa moja."

Ban-seng aliandika jina la kwanza lililomjia. Santuri iliuzwa. Vyumbani, wageni wa Kijapani waliusikia na wengine wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wanaukumbuka. Mmoja, mfanyabiashara wa matairi kutoka Osaka, aliapa kwamba alisoma darasa moja na Minase, kwamba alikuwa mtu mpole, mwenye mapafu mabaya. Ban-seng alimpigia tena bila malipo. Kisha kampuni nyingine zikauchukua, moja baada ya nyingine, zikaugeuzageuza. Ulikuwa wa Mjapani, kwa hiyo haukuwa wa mtu. Ban-seng alizisikia zote redioni. Angelalamika kwa nani? Angesema ameibiwa, aulizwe zile arobaini alizitoa wapi.

Haya yote yangeishia hapo kama wasingekuwa na binti.

Le-hoa alizaliwa mwaka 1969, akaenda chuo kikuu wakati sheria ya kijeshi ilipoondolewa, mdomo wa nchi ukafunguliwa na kila mwanafunzi akawa na gita. Ghafla kuimba lugha ya nyumbani lilikuwa jambo la fahari, na nyimbo za kuazima zikawa aibu ya familia. Vijana walitaka wimbo uliotoka kwenye udongo wao wenyewe. Mwaka 1990, katika likizo, Le-hoa aliwauliza wazazi wake mezani, vijiti vya kulia vikiwa hewani:

"Baba, katika maisha yako yote, umewahi kutunga hata wimbo mmoja? Mmoja tu. Wa kwako."

Ban-seng aliendelea kutafuna. "Hapana," alisema.

"Basi kazi yenu ilikuwa kuwaibia Wajapani."

"Ndiyo iliyokulipia ada," alisema Siu-hun.

"Sijakataa, mama. Nasema ukweli tu."

Baadaye jikoni, maji yakitiririka, Ban-seng alimwambia mkewe kwa sauti ya chini: "Ukimwambia, nitahama." Siu-hun alimuuliza kwa nini, si angefurahi mtoto? Ban-seng alimtazama kama anayemtazama mtu asiyejua kuhesabu. "Mwizi anaeleweka," alisema. "Mwizi ana njaa. Lakini mtu anayechukua chake mwenyewe akaandika jina la mwingine, huyo utamwita nani? Acha niwe mwizi."

Mwaka 1992 gazeti moja lilichapisha makala juu ya utumwa wa muziki wa kuazima, na "Mvua Haijakata" ukatajwa kuwa mfano wa wazi wa mtindo wa Kijapani. Le-hoa aliikata makala ile akaibandika kwenye friji. Ban-seng aliisoma kila alipofungua friji kuchukua bia. Hakuibandua. Alikufa Mei 1999, na kufikia wakati huo mashine za kuimbia, karaoke, zilikuwa zimekwisha kuwatoa vyumbani. Mashine haikosei sauti wala haiombi radhi.

Siku ya mazishi Siu-hun alichoma, ili vimfikie marehemu, pesa za karatasi, nyumba ya karatasi, kodiani ya karatasi, na juu yake akaweka daftari la Ban-seng, lile la kweli, lenye nyimbo mia tatu na kumi na mbili. Kila wimbo wa kuazima ulikuwa na chanzo chake pembeni: santuri ya nani, aliisikia wapi, siku gani. Wimbo wa mia moja na kumi na saba ulikuwa na neno moja tu pembeni: kibandani. Na ulikuwa mzima, pamoja na kile kipande cha katikati. Siu-hun aliliona moto ukilishika na hakuona kosa lolote. Huko aendako angepiga nini bila daftari?

Tarehe 4 Aprili, siku ya kusafisha makaburi, Le-hoa alikuja na gari kumchukua mama yake. Ana miaka hamsini na mitano sasa, alifundisha hesabu sekondari mpaka alipostaafu mwaka jana, na huendesha gari kama anayesahihisha mitihani. Walipanda jengo la mitungi ya majivu ya wafu, wakapanga mbele ya Ban-seng kuku wa kuchemsha, machungwa matatu na kopo la bia. Uvumba uliwaka. Ilipofika wakati wa kumuuliza marehemu kama ameshiba, ili vyombo viondolewe na pesa zichomwe, Siu-hun alichukua vipande viwili vya mti vya kupigia ramli, vilivyokatwa kama mwezi mchanga, akafumba macho, akavirusha.

Vyote chali. Marehemu anacheka.

Akavirusha tena. Chali tena.

Mara ya tatu vyote kifudifudi. Amekataa.

"Mama, kuna foleni nyuma yetu," alisema Le-hoa.

"Namuuliza baba yako kama ameshiba."

Mara ya nne, kifudifudi.

"Mara nne?"

"Baba yako alikuwa mlaji, umesahau?"

Mara ya tano kimoja kililala chali na kingine kifudifudi, ndiyo iliyo wazi. Mwanamume wa nyuma yao alishusha pumzi kwa nguvu. Mara tano ni ujanja, kila mtu anajua. Mwisho ni tatu. Siu-hun alijua pia. Hakuwa amemuuliza Ban-seng habari ya kushiba. Alikuwa amechoka kuomba ruhusa kwa mtu aliyekufa miaka ishirini na mitano iliyopita, na aliichukua ile ya tano kama mtu anavyochukua basi lililokuja, hata kama silo.

Alisema garini, wakiwa kwenye taa nyekundu.

"'Mvua Haijakata' ni wa baba yako."

"Maneno, najua."

"Muziki."

Taa iligeuka kijani. Le-hoa hakuondoka mpaka wa nyuma alipopiga honi. Siu-hun alimweleza kibanda, Bwana Go, mbegu za tikiti, jina. Le-hoa alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kumsikiliza mwanafunzi aliyechelewa.

"Huyo mwenye bendi alikuja lini?"

"Februari."

"Mama, usinichukulie vibaya. Miaka hamsini na sita wimbo huu ni wa Mjapani. Wakati unauzwa, wa Mjapani. Wakati unatukanwa, wa Mjapani. Leo watoto wameupenda, kopi imekuwa fasheni, wote wanatafuta mwenyewe, ndiyo unakuwa wa baba?"

"Hakuna Mjapani."

"Daftari lake liko wapi?"

"Nilimchomea."

"Ulimchomea."

"Sasa huko angepiga nini?"

Le-hoa aliendesha mpaka chini ya ngazi. Hapo alimshika mama yake mkono, wakapanda themanini na sita wakipumzika mara nne, na mlangoni akasema, "Usiwaambie watu, mama. Watakucheka. Watasema bibi amezeeka, anataka kumnyang'anya Mjapani."

Siu-hun alimpigia Ka-hi siku iliyofuata. Hakufanya hivyo kwa ukaidi. Kama binti yake hakuamini, hakuona tena sababu ya kulificha jambo hilo.

Ka-hi aliamini kabla Siu-hun hajamaliza. Alipiga kelele kwenye simu. "Bibi! Yaani mlijitungia, mkajiazima?" Aliamini upesi mno, kama aliyeletewa zawadi, na Siu-hun, aliyedhani kuaminiwa kungemtua mzigo, alijikuta amekaa na simu mkononi akiwa amechoka vilevile. Siku tatu baadaye Ka-hi alirudi na habari kutoka chama cha haki za watunzi. Walikuwa tayari kubadilisha jina. Walitaka mswada wa mkono wa mtunzi, au mkataba, au shahidi aliyekuwepo asiyekuwa wa familia.

"Mpiga ngoma wenu?"

"Alikufa mwaka 2015."

"Bwana Go?"

"Huyo alikufa zamani. Na angekuwa hai angekataa."

"Bila ushahidi," alisema Ka-hi polepole, "kampuni inasema iandikwe kama ilivyo kwenye santuri ya zamani. Minase."

"Andikeni. Amezoea."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nyimbo arobaini tulizochukua kwa watu hakuna aliyetuuliza hati. Mmoja usiochukuliwa kwa mtu ndio unaotakiwa hati." Alisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya mboga. "Kula keki. Mimi sukari imenipanda."

Ka-hi aliomba jambo moja tu: aje mazoezini, japo mara moja, awasikilize. Chumba chao kiko chini ya soko la vitambaa, ngazi nyingine kumi na tisa za kushuka, ndiyo maana Jumamosi tarehe 20 Aprili, saa tisa alasiri, Le-hoa alimleta mama yake. Alisema atakaa dakika kumi. Alibaki amesimama karibu na mlango, mkoba begani.

Bendi ilipiga vizuri. Siu-hun aliwasikiliza kwa uso wa mtu anayepimwa presha. Walipofika baada ya ubeti wa pili, Ka-hi aliinua mkono wakanyamaza.

"Bibi, hapa. Hapa wimbo unaruka, kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi. Kila siku tunajikwaa hapa. Ndipo palipokatwa?"

"Ndipo hapo."

"Palikuwaje? Tuimbie."

Siu-hun alifungua mdomo. Alianza pale ubeti unapoishia, sauti nyembamba lakini imenyooka, ikaenda nota mbili, ikageuka yenyewe kuingia ubeti wa tatu, kama ilivyo kwenye santuri. Alirudi nyuma, akaanza tena. Ikageuka tena. Mara ya tatu aliacha.

"Sina," alisema. "Nimeuimba uliokatwa mara nyingi mno. Ule mzima umekwisha."

Mpiga gita alijifanya anakaza nyuzi. Siu-hun alitazama magoti yake na akafikiria namna ya kuzipanda ngazi kumi na tisa.

"Rudieni hapo mwisho wa ubeti," alisema Le-hoa kutoka mlangoni.

Walirudia.

"Tena. Zile nota mbili za mwisho tu."

Mpiga kodiani, kijana mwenye miwani, alizirudia zile mbili. Le-hoa alivuka chumba. "Niazime," alisema, akavaa kodiani juu ya mkoba wake, hakukumbuka kuuvua. Alikuwa hajashika kodiani tangu utotoni. Alipokuwa na miaka saba baba yake alimwamsha kila siku kabla ya shule na kumfanyisha zoezi la vidole, lilelile moja, la kupanda na kushuka na kuzunguka, ambalo halikuanza popote wala kuishia popote. Alilichukia. Alipolalamika kwamba si wimbo, baba yake alimjibu kwamba ndiyo, si wimbo, ni ngazi tu, panda.

Alianza kwenye zile nota mbili. Kidole cha nne kilikosea, akasimama, akaanza upya, taratibu, macho ukutani. Mkono ulipanda, ukashuka, ukazunguka, ukazunguka tena, kwa namna ambayo Bwana Go alisema Mjapani hazunguki. Kisha ukatua juu ya nota ya kwanza ya ubeti wa tatu, na Ka-hi, bila kuambiwa, akaingia na maneno. Haukuruka.

Walipomaliza ubeti Le-hoa alikuwa bado amekumbatia kodiani.

"Aliniambia ni zoezi," alisema.

"Alikuwa na maneno machache, baba yako."

"Nilimuuliza, mama. Nilimuuliza mezani, ukiwepo."

"Ulimuuliza umeshika kijiti kama fimbo," alisema Siu-hun.

Le-hoa alikaa kwenye boksi la spika. Mtu alimletea maji akayashika bila kuyanywa. Ka-hi alitaka kurekodi palepale, simu yake ilikuwa tayari imeinuliwa, lakini Le-hoa alitikisa kichwa. "Ngoja," alisema. "Kidole cha nne bado nakosea. Alikuwa ananigombeza hapohapo." Alifanya zoezi mara kumi na moja kabla ya kumruhusu. Siu-hun alisinzia kwenye kiti kufikia mara ya sita, na hawakumwamsha mpaka saa kumi na mbili.

Fomu ya chama aliijaza Le-hoa, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Mtunzi: Teng Ban-seng, 1938 hadi 1999. Kwenye mstari wa ushahidi aliandika kwamba daftari lilichomwa kwenye mazishi, na akaambatanisha ukurasa mmoja wa nota za namba, kipande cha katikati, kama alivyofundishwa na baba yake mwaka 1976. Alipopiga simu kuuliza kama hilo linatosha, karani alimjibu kwamba ndugu wa familia hahesabiwi kuwa shahidi, ila walete tu, wataangalia, wasitegemee. Le-hoa alimshukuru. Alikata simu, akaenda kwenye friji ya mama yake, akasimama mbele ya mlango wake mweupe kwa muda, kisha akatoa mboga akaanza kukata.

"Mama, alikwambia kwa nini asiniambie?"

"Aliogopa utamwita mjinga."

"Ningemwita hivyo kweli," alisema Le-hoa. "Wakati ule, ningemwita."

Jumanne tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi, wawili hao wataipeleka fomu kwa mkono, kwa sababu Siu-hun haamini posta. Majibu huchukua miezi sita. Santuri ya Ka-hi itatoka tarehe 21 Juni, wimbo ukiwa mzima kwa mara ya kwanza, dakika nne na sekunde kumi, na kwenye kava, palipoandikwa muziki, patakuwa na jina la Minase Kotaro.